Moyo Unaokimbia Usiku: Ni Hofu au Ni Tezi ya Shingoni?

[Muziki wa kipindi unaingia, unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Nduta, Nakivale au Kakuma, au uwe umekaa mlangoni kwa jirani kwa sababu redio yako imeishiwa betri, karibu katika kipindi cha afya. Leo tunaanza na barua. Aliyeiandika ameomba tusitaje jina wala kambi, nasi tumekubali.

Anasema hivi: «Nina miaka 38 na watoto wanne. Tangu tukimbie, moyo wangu hauna utulivu. Usiku unadunda mpaka mume wangu akiniwekea mkono mgongoni anausikia. Mikono inatetemeka, nikimimina chai inamwagika. Ninakula kuliko kijana wangu mkubwa, lakini nguo zote zinanipwaya. Majirani wananong'ona kwamba nina ukimwi. Nimepima mara mbili, sina. Wengine wanasema ni mapepo, nimeombewa. Nilipokwenda kutibiwa nikaambiwa ni mawazo ya vita, nijitahidi kutoyafikiria. Nimejitahidi. Ninauliza: mtu anaweza kufa kwa mawazo?»

Mama, tumekusikia. Swali lako tutalijibu kabla ya kipindi kwisha. Waliokuambia ni mawazo hawakuwa watu wabaya. Mtu aliyetembea siku nyingi na watoto mgongoni, akaacha nyumba ikiungua, ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi. Lakini katika barua yako kuna maneno mawili yaliyotufanya tumtafute tabibu mara moja: unakula sana, na unakonda.

Daktari, karibu.

TABIBU: Asante kaka. Mimi ni tabibu, ingawa kambini kila mwenye kipimo shingoni huitwa daktari.

MTANGAZAJI: Basi daktari wa kambini. Kwa nini kula na kukonda kumekushtua?

TABIBu: Kwa sababu hofu kwa kawaida hukata hamu ya chakula. Mtu mwenye wasiwasi mwingi akikonda, mara nyingi ni kwa kuwa sahani inarudi imejaa. Mtu anayemaliza sahani, akaongeza, kisha bado anakonda, huyo chakula chake kinaungua mahali. Inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa minyoo, inaweza kuwa kifua kikuu. Lakini kukiwa pia na moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, mimi huomba niione shingo.

MTANGAZAJI: Shingoni kuna nini?

TABIBU: Weka vidole viwili mbele ya shingo, chini kidogo ya kile kifundo cha koo. Hapo kuna tezi inaitwa thairoidi. Ina umbo la kipepeo aliyefungua mabawa, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi, nyepesi kuliko yai la kuku. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu, unaouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Fikiria mtu anayepepea jiko la mkaa. Akipepea kwa kiasi, sufuria inaiva vizuri. Akilala, moto unazima. Akipepea kama mwendawazimu, mkaa unakwisha na chakula kinaungua.

MTANGAZAJI: Na huyo anayepepea ovyo ndiye anayeleta wasiwasi?

TABIBU: Ndiyo. Mtu akishtuka mwili hutoa adrenalini, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Hiyo ni kinga, inakusaidia kukimbia. Sasa homoni ya thairoidi ikizidi, inaufanya moyo uitikie adrenalini kupita kiasi. Adrenalini kidogo tu ya kawaida, moyo unaipokea kama vile umeona simba. Kwa hiyo mgonjwa anajisikia vilevile kama mtu mwenye hofu kubwa, ila hakuna anachokiogopa. Halafu akili inaanza kutafuta sababu. Na sisi wakimbizi, kaka, sababu hatukosi. Unakumbuka usiku ule, unakumbuka aliyebaki, unasema: ndiyo, ni hayo.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo huzuni ya kweli inaifunika tezi.

TABIBU: Inaifunika kabisa. Na yule anayekusikiliza kituoni ana foleni ya watu tangu alfajiri. Akisikia vita, kukosa usingizi na moyo kudunda, anaandika «msongo» na kuita anayefuata. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Dada mmoja nilimrudisha na vidonge vya usingizi mara tatu. Mara ya nne alikuja amevaa kanga iliyolegea shingoni, nikaona uvimbe.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, sasa sogea karibu na redio, na kama una saa au simu yenye saa, ishike. Tabibu atatueleza namna ya kujiangalia nyumbani. Kujiangalia hakuchukui nafasi ya kupimwa, lakini kunakupa la kusema ukifika mbele ya meza yake.

TABIBU: Anza na mapigo ya moyo. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, utasikia mshipa unapiga. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wakati wa kuhesabu ndio muhimu. Usihesabu ukitoka kuteka maji au ukitoka kugombana na jirani. Hesabu unapoamka, kabla hujainuka kitandani. Au mwambie mwenzako akuhesabie ukiwa umelala usingizi.

MTANGAZAJI: Kwa nini usingizini?

TABIBU: Kwa sababu hofu hulala, hata kama ni kwa saa mbili tu. Mwenye wasiwasi akishikwa na usingizi, kwa kawaida moyo wake unashuka. Mwenye tezi inayozidi, hata akiwa amelala fofofo moyo unaendelea kukimbia. Ukipata zaidi ya 90 asubuhi tatu mfululizo, huna homa wala malaria, andika namba hizo uende nazo kituoni. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu moyo wao pia huenda haraka, nao waende, wapimwe damu.

Kitu cha pili ni mikono. Mshike mtu mkono kama unamsalimia. Mwenye wasiwasi mara nyingi mkono wake una jasho lakini ni wa baridi. Mwenye tezi inayozidi, mkono una jasho na ni wa moto. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa wazi, umwekee karatasi juu ya vidole. Karatasi ikitetemeka haraka haraka kama jani, ni alama.

MTANGAZAJI: Na miguu? Kuna mzee aliniambia hawezi tena kuinuka chooni.

TABIBU: Vyoo vyetu vya kuchuchumaa vinatusaidia kujua! Homoni ikizidi inakula misuli, hasa ya mapaja na mabega. Mtu anachuchumaa vizuri, kuinuka anatafuta ukuta wa kushika. Mama anashindwa kunyanyua dumu alilokuwa akilinyanyua mwezi uliopita. Wasiwasi peke yake haumfanyi mtu hivyo.

Halafu muulize kuhusu joto. Wenzake wamejifunika blanketi, yeye anatafuta upepo mlangoni. Choo kikubwa kimeongezeka, mara tatu au nne kwa siku. Kwa mwanamke, hedhi imekuwa kidogo au imeruka. Na macho: wengine macho hutokeza mbele, kope za juu zinavutika, mtu anaonekana kama ameshtuka au anakukazia macho.

MTANGAZAJI: Hapo nimekumbuka barua nyingine, ya mama aliyesema kila mtu kwenye foleni ya mgao anagombana naye, wanasema anawatolea macho.

TABIBU: Na anayetetemeka wanasema amekunywa pombe. Na anayekonda wanasema ni ukimwi. Ugonjwa huu unamletea mtu aibu kabla haujaletewa dawa.

Mwisho ni shingo yenyewe. Mtu anywe maji akiwa ameinua kidevu kidogo, na wewe uangalie kutoka mbele. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka anapomeza. Wengi wetu tunauita goita, wengine rovu. Lakini sikiliza vizuri: kuna watu tezi inazidi kazi na shingo haionekani kuvimba. Na kuna wenye goita kubwa ambao homoni zao ziko sawa kabisa.

MTANGAZAJI: Goita tunaijua. Sisi tuliotoka milima ya Kivu tumekua tukiziona kwa bibi zetu.

TABIBU: Na Kivu ina historia yake kwenye vitabu vya dunia. Tezi hii haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto, yale yanayoitwa pia iodini. Yako kwa wingi baharini. Milimani, mvua za miaka mingi zimeyasafisha kutoka kwenye udongo, kwa hiyo mahindi, maharage na maji ya huko vina kidogo sana. Tezi ikikosa, inajikuza ili ikamate hata kidogo kinachopita. Hiyo ndiyo goita. Miaka ya 1960 watafiti walikwenda kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Wakakuta kaskazini mwa kisiwa goita ni nyingi mno na kusini-magharibi ni chache, na huku madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Wakafuata chakula, wakafika kwenye mihogo. Mihogo michungu isipolowekwa na kuanikwa vizuri inabaki na sumu ambayo, ikiingia mwilini, inageuka kitu kinachoizuia tezi kukamata madini joto. Kwa hiyo mama zetu walioloweka mihogo siku tatu walikuwa wanafanya kazi ya maabara.

MTANGAZAJI: Hiyo ni tezi iliyokosa. Sasa inakuwaje tena izidi?

TABIBU: Hapo ndipo watu wengi hawapajui. Mtu aliyeishi miaka 30 au 40 na goita, ndani ya goita yake huota vinundu. Baadhi ya vinundu hivyo huacha kumtii bosi. Kwa kawaida kuna tezi nyingine ndogo chini ya ubongo inayoiamuru thairoidi: ongeza, punguza. Kinundu kikaidi hakisikii amri, ila kinakaa kimya kwa kuwa hakina madini joto ya kutumia. Sasa mtu huyo akianza kula chumvi yenye madini joto, kinundu kinapata malighafi na kuanza kumwaga homoni bila breki. Mwaka 1995 madaktari waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo Zimbabwe, na mwaka 1996 wakaandika juu ya wagonjwa wa Kivu, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea.

MTANGAZAJI: Daktari, umewatisha watu. Kesho watamwaga chumvi ya mgao.

TABIBU: Wasimwage! Nasema tena, wasimwage. Chumvi hiyo inawalinda watoto wao. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni haukui inavyotakiwa, na hilo halirudi nyuma. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250, na chumvi ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ifunike kwenye chombo kikavu, iweke mbali na jua, na itie kwenye mboga mwishoni, maana moto mrefu unayapunguza. Ninachosema ni hiki: ukiwa mtu mzima, una goita ya zamani, na tangu ufike kambini moyo umeanza kukimbia, usimwambie tabibu habari za vita peke yake. Mwonyeshe na goita.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Kuna swali ambalo nimeulizwa hata na mke wangu. Je, hofu yenyewe inaweza kuleta ugonjwa wa tezi? Nimesoma kwamba daktari mmoja wa Uingereza, Caleb Parry, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1825, alieleza habari za binti wa miaka 21 aliyerushwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kikiteremka mlima kwa kasi. Hakuumia sana, lakini alishtuka mno. Tangu siku hiyo moyo ukaanza kudunda, na kama wiki mbili baadaye shingo ikaanza kuvimba.

TABIBU: Kwa hiyo watu wamejiuliza jambo hilo kwa miaka 200. Aina ya ugonjwa unayoisema ni ile ambayo askari wa mwili wenyewe, wale wanaotulinda na vijidudu, wanaigeukia tezi na kuichokoza itoe homoni. Inaitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huko Serbia mashariki, wakati wa vita vya miaka ya 1992 hadi 1995, madaktari waliona wagonjwa wake wakiongezeka. Uswidi mwaka 1991 watafiti waliwauliza wagonjwa wapya, wakakuta wengi zaidi walikuwa wamepatwa na misiba na mikasa mwaka uliotangulia, kuliko watu wasio wagonjwa. Lakini Ayalandi ya Kaskazini, miaka ya mwanzo ya ghasia zao, waliangalia vilevile na hawakuona ongezeko.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo?

TABIBU: Kwa hiyo mimi huwaambia wagonjwa: shida uliyopitia huenda ilisukuma mlango uliokuwa tayari umelegea. Watu wengi walipita njia ileile na tezi zao ni nzima. Hukujiletea ugonjwa kwa kulia sana, na hutaupona kwa kuacha kulia.

Na nisisahau upande wa pili, tezi inapolala. Mtu anachoka, ananenepa bila kula sana, anasikia baridi wakati wengine wanapepea, choo kigumu, ngozi kavu, anasahau, moyo unakuwa mzito. Huyu tunamwita mwenye huzuni, na pengine mvivu. Baadhi yao huwa na wasiwasi pia. Tena mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja anaweza kupitia yote mawili: kwanza tezi inazidi, miezi michache baadaye inalala. Ndugu husema uzazi umemwingia kichwani.

MTANGAZAJI: Akifika kituoni, aombe nini?

TABIBU: Aseme: naomba tezi yangu ya thairoidi ichunguzwe, namba zangu za mapigo ya moyo ni hizi. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH, wakati mwingine pamoja na T4. Hiyo TSH ni amri inayotoka chini ya ubongo. Tezi ikizidi, amri inashuka karibu kwisha. Tezi ikilala, amri inapanda. Vituo vingi vya kambi havina mashine hiyo, kwa hiyo mara nyingi inakuwa ni rufaa, na rufaa ina foleni. Ukipewa karatasi ya rufaa, itunze kama kadi ya mgao, na ukae karibu na mhudumu wa afya wa kijiji chako ili jina lako lisipotee.

MTANGAZAJI: Na dawa?

TABIBU: Ipo propranololi, inatuliza moyo na mikono haraka, hata siku hiyohiyo. Mwenye pumu aseme mapema, maana inaweza kumbana kifua. Hiyo inatuliza dalili tu. Dawa inayoizuia tezi yenyewe ni kama kabimazoli. Inachukua wiki kadhaa kuonekana kazi yake, na kwa ugonjwa wa Graves mtu huitumia mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wenye vinundu mara nyingi watahitaji upasuaji au tiba nyingine ya hospitali kubwa, kwa sababu wakiacha vidonge ugonjwa unarudi. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha dawa siku hiyohiyo ukimbilie kituoni upimwe damu, maana kwa watu wachache dawa hii hushusha askari wa mwili. Ukiwa mjamzito, au unafikiria kupata mtoto, sema kabla ya kumeza. Na yule ambaye tezi yake imelala hupewa levothairoksini, kidonge cha asubuhi kabla ya kula, mara nyingi kwa maisha yote.

Jambo moja kwa wanaojiandikisha kurudi nyumbani, au wanaongoja kwenda nchi ya tatu: usipande gari bila karatasi yako na vidonge vya njiani. Homoni zikirudi kupanda ghafla, moyo hautasubiri ufike.

MTANGAZAJI: Tunarudi kwa mama wa barua. Ameuliza kama mtu anaweza kufa kwa mawazo.

TABIBU: Mama, hofu inayoleta moyo kudunda ni mateso makubwa, lakini ule mdundo wenyewe hauui. Tezi iliyoachwa bila dawa, hiyo inaweza kuua. Inauchosha moyo, unaanza kupiga bila mpangilio, miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Na ikitokea homa kali, kuhara, kuchanganyikiwa na moyo kwenda mbio kupita kiasi vyote pamoja, huo ni usiku wa kubebwa hospitali, si wa kungoja asubuhi. Wewe nenda wiki hii. Nenda na mumeo, kwa sababu yeye ndiye aliyeusikia moyo wako ukiwa umelala, na hilo tabibu anatakiwa alisikie kwake.

MTANGAZAJI: Na kama wakipima wakakuta tezi ni nzima?

TABIBU: Basi tumeondoa jambo moja, na ugonjwa wake bado ni ugonjwa. Wasiwasi una tiba yake, una washauri, kuna vikundi vya kina mama wanaokaa pamoja na kuzungumza. Hata wenye tezi, wengine tunawatibu, mapigo yanashuka hadi 72, na bado wanaamka saa nane usiku kwa ajili ya yale waliyoyaona. Hao tunawapeleka kwa mshauri huku wakiendelea na vidonge. Nimeshaona mtu akikataa kwenda kwa mshauri kwa kuwa sasa ana «ugonjwa wa kweli». Yote mawili ni ya kweli.

Na mama, utuandikie tena. Tunataka kujua walikuta namba gani.

[Muziki wa kipindi unapanda. Mwisho.]